Mwisho wa Mishi

Kitale,
6 Februari 2023

Bi Mwanatabu Matano,
Mtongwe, Likoni.

Shikamoo Bibi.

Hunijui. Naitwa Kache Ngumbao, mzaliwa wa Ziwa la Ng'ombe, Kisauni. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Kitale, na Jumamosi nasomea shahada ya uzamili chuoni. Nilipopiga simu yako aliyepokea ni mjukuu wako Sabah. Aliniambia kwamba masikio yako hayaelewani tena na simu, na kwamba habari za kitabu hutaki zipite kinywani mwa mtu wa kati. Akasema niandike. Basi nimeandika.

Tasnifu yangu inahusu riwaya yako, Mlango wa Uani. Nakala niliyo nayo niliipata Kongowea kwa muuza vitabu vikuukuu, haina jalada, na ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la mtoto wa darasa la saba. Nimetafuta katika maktaba tatu na sikuona hata makala moja ya mtu aliyeihakiki. Nimeshangaa, kwa maana mimi nimeisoma mara tano.

Nitaeleza nilivyoielewa, unisahihishe nikikosea. Mishi anaozwa kwa Bakari akiwa na miaka kumi na saba. Bakari si mlevi wala hapigi, ila ndani ya nyumba ile sauti ni yake peke yake. Siku moja Mishi anafunga nguo zake na kwenda Changamwe, anapika katika mkahawa wa wafanyakazi wa reli, anajifunza kusoma, anaanza kucheka. Halafu katika sura ya kumi na mbili, bila ya mtu kumwita, anarudi Likoni. Anaingia kwa mlango wa uani, anaweka sufuria jikoni. Kitabu kinakwisha.

Hapo ndipo ninapokwama, Bibi. Sura ya nne ya tasnifu yangu inasema kwamba kurudi huko ni kushindwa. Mishi ameshindwa, na mwandishi pia, uniwie radhi, ameshindwa kumwamini mwanamke aliyemuumba. Msimamizi wangu, Dkt. Oduor, anasema hoja ina nguvu. Lakini uko hai, nami nimelelewa kwamba mtu husemwa akiwapo. Kwa hiyo nakuuliza: kwa nini ulimrudisha?

Wako kwa heshima,
Kache Ngumbao


Mtongwe,
20 Februari 2023

Mwanangu Kache,

Marahaba. Umeniamkia kisha ukaniambia nimeshindwa. Vyote viwili nimevipokea.

Mimi ni mtu wa miaka sabini na mitatu. Nilifundisha shule ya msingi hapa Likoni miaka thelathini na mmoja. Mume wangu Matano alitangulia mbele ya haki mwaka 2014. Sabah anafanya kazi hoteli moja ya Shanzu. Akishavuka feri asubuhi, nyumba hubaki na kimya cha sufuria tupu, nami hupata nafasi ya kujibu barua za watu wanaonihukumu.

Kisa umekieleza vizuri. Sina la kusahihisha.

Kuhusu mwisho, nakuomba usinipime kwa sura ile. Mswada niliopeleka Nairobi ulikuwa na sura ya kumi na mbili nyingine kabisa. Ndani yake Mishi harudi. Sura hiyo iliondolewa, ikawekwa hii unayoisoma, na kitabu kikachapwa hivyo mwaka 1988. Mhariri wa kitabu alikwisha kufa, Mungu amrehemu, na maiti hasemwi. Ninayo nakala ya ile ya kwanza, niliipiga taipu kwa mkono wangu.

Tangu wakati huo sijaandika kitabu kingine. Sasa unajua kwa nini.

Mama yako mzazi ni mtu wa wapi? Ngumbao niliowafundisha mimi walitoka Jomvu.

Mwanatabu Matano


Kitale,
3 Machi 2023

Shikamoo Bi Mwanatabu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta. Mama yangu ni wa Kaloleni, baba ndiye wa Kisauni, hao wa Jomvu siwajui. Lakini nisamehe, sina utulivu wa kuzungumza ukoo leo.

Nilimwonyesha Dkt. Oduor barua yako. Mtu yule hushangazwa na mambo machache sana, lakini alivua miwani, akaisoma tena. Akasema hii si sura ya tasnifu tu, ni ugunduzi. Mwandishi mwanamke wa Pwani anapeleka riwaya yenye mwanamke aliyejikomboa, na ofisi moja Nairobi inamrudisha mwanamke huyo jikoni. Amenitaka niandike ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya kongamano la wahadhiri wa Kiswahili la mwezi wa Agosti. Nimekwisha kuituma. Inaitwa "Mishi Aliyenyamazishwa: Mkono wa Mhariri katika Riwaya ya Pwani".

Nahitaji mambo mawili. La kwanza ni nakala ya sura hiyo. La pili ni jina la mhariri, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kitaaluma ukamwita "ofisi".

Nakushukuru, Bibi. Nimeona aibu kwa maneno ya barua yangu ya kwanza. Kumbe aliyeshindwa si wewe.

Kache


Mtongwe,
28 Machi 2023

Mwanangu Kache,

Marahaba. Tumeingia mfungo, mkono wangu mzito kidogo.

Sura hiyo hapo. Sabah ameitoa nakala mjini. Ile yenyewe haitoki nyumbani. Ina kurasa ishirini na mbili. Zile herufi zilizoruka ni mashine, si mimi.

Mhariri aliitwa Philister. Jina la pili limenitoka.

Sitakuficha kwamba nimefurahi. Miaka thelathini na mitano kila mtu wa hapa aliyesoma kitabu kile alikifunga na kunitazama usoni. Hawakuwa wakimwona Mishi. Sasa kuna mtu msomi atakayesimama mbele ya wasomi wenzake na kusema Mishi hakurudi.

Ukishaisoma uniambie ulivyoiona. Nangojea.

Mwanatabu


Kitale,
30 Aprili 2023

Shikamoo Bibi, na Idi njema iliyopita.

Sura nimeipata na nimeisoma. Ni nzuri mno. Mishi amefungua hoteli yake Changamwe, wateja wanampenda, na Bakari anakuja kumwomba msamaha mbele ya watu wote. Ni mwisho wa kutia moyo.

Dkt. Oduor naye amefurahi. Jina la Philister tumeliingiza katika ikisiri, na ratiba ya kongamano imeshatolewa.

Samahani barua ni fupi, shule zinakaribia kufunguliwa na nina mitihani ya kusahihisha.

Kache


Mtongwe,
15 Mei 2023

Mwanangu Kache,

Barua ya kunisema nimeshindwa ilikuwa kurasa nne. Hii ya kunisifu haikutimia hata nusu ukurasa, na nusu ya hiyo nusu ni habari za mitihani.

Nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na mmoja. Mtoto aliyeelewa huuliza. Asiyetaka kuniudhi hunijibu "ndiyo mwalimu".

Sema ulichokiona.

Mwanatabu


Kitale,
4 Juni 2023

Shikamoo Bibi.

Nilikuandikia uongo. Nilifikiri nakuheshimu, kumbe nilikuogopa.

Sura ile si nzuri. Niliisoma nikitaka kuipenda, kwa sababu tasnifu yangu na kongamano langu vyote vinaitegemea. Nikaisoma tena, nikaisoma na mara ya tatu. Mishi ninayemjua hayumo. Yumo mwanamke mwenye jina lake, anatembea katikati ya meza na watu wanampigia makofi.

Sikutaka kuamini hisia tu, kwa hivyo nikafanya kazi tunayowafanyisha wanafunzi: nikaviangalia vitenzi. Katika sura tatu za mwanzo Mishi hafanyi kitu, hufanyiwa. Aliozwa, alipelekwa, aliitwa, alitumwa, aliambiwa. Katika sura uliyoniletea amerudi palepale. Alipewa hoteli na tajiri wa reli, alisifiwa, aliheshimiwa, aliombwa msamaha. Furaha yake yote ameletewa kwenye sinia.

Ndipo nikairudia sura iliyochapwa, ile niliyoiita kushindwa. Mishi alisukuma mlango. Aliweka sufuria. Alifagia chumba cha nyuma, alitoa magunia ya Bakari, alitandika kitanda chake, alifunga komeo. Katika kurasa kumi na nne sikuona kitenzi hata kimoja cha kutendwa kilichompata yeye. Na Bakari, mtu anayesema kila ukurasa tangu mwanzo, hasemi neno. Nilisoma mara tano nisilione hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba mwanamke anayerudi ameshindwa. Sura yangu ya nne inafaa kutupwa, na nitaitupa.

Lakini liko jambo jingine, na hili ndilo linaloninyima raha. Ukurasa wa 141 wa kitabu, Mishi anaposimama jikoni, imeandikwa kwamba nyumba ilikuwa na "kimya cha sufuria tupu". Maneno hayo sijayaona popote ila mahali pawili: pale, na katika barua yako ya mwezi wa Februari.

Nikaichukua barua hiyo nikaisoma kama ninavyosoma kitabu. Umesema sura "iliondolewa", nyingine "ikawekwa", kitabu "kikachapwa". Vyote vya kutendwa, Bibi. Na nani?

Nauliza kwa sababu jina la Philister limo katika ratiba ya kongamano, na marehemu hawezi kunijibu.

Nani aliyeandika mwisho uliochapwa?

Kache


Kitale,
10 Julai 2023

Shikamoo Bi Mwanatabu.

Sijapata jibu, wala sikulaumu. Nilimpigia Sabah, akasema barua ilifika, uliisoma kwenye kiti cha ukumbini, ukaikunja, na tangu siku hiyo hujaitaja.

Naandika kukujulisha tu. Nimeondoa makala yangu katika kongamano. Nimewaandikia waandaaji wafute ikisiri, na jina la Philister limetolewa kwenye ratiba mpya. Dkt. Oduor amekasirika. Alinambia, "Mwandishi amekupa ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Unataka nini zaidi?" Nikamjibu nataka kujua kama ni kweli. Akaniuliza kama nafahamu kwamba sasa sitahitimu mwaka huu. Nikasema nafahamu.

Sura ya nne naiandika upya kutokana na kitabu kilivyo. Kwa hilo sihitaji ruhusa yako, lakini nilitaka ujue.

Kache


Mtongwe,
29 Julai 2023

Mwanangu Kache,

Marahaba.

Niliposoma barua yako ya Juni nilikasirika kwa muda wa wiki tatu. Baada ya hapo nilikaa na aibu. Sasa vyote vimepungua, naweza kushika kalamu.

Aliyeandika ni mimi. Aliyeiondoa ya kwanza ni mimi. Aliyeweka ya pili ni mimi. Nilipokuandikia mwezi wa Februari nilichagua kila neno ili lisiwe la uongo, nawe ukanigundua kwa vitenzi vyangu. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu kusoma, sikujua ipo siku nitasomwa hivyo.

Nakupa habari kamili, uitumie utakavyo.

Mwaka 1985 nilimwacha mume wangu nikaenda Changamwe kwa dada yangu. Matano hakunipiga wala hakuninyima chakula. Miaka kumi na miwili nilikaa naye, na siikumbuki siku aliyoniuliza mimi naonaje. Huko Changamwe nilikaa miezi kumi na minne, nikafundisha shule ya pale, nikaanza kuandika kitabu.

Siku moja nilikuwa namenya mhogo na dada yangu. Nikamwambia, "Kile kiwanja cha Mtongwe alinipa baba. Mawe nimeyasomba mimi, likizo baada ya likizo. Mbona aliyetoka ni mimi?" Nikamaliza kumenya, nikafunga mzigo.

Niliingia kwa uani kwa sababu barazani walikuwa wamekaa watu, na sikuwa na hamu ya kuamkiana nao. Matano alikuwa ukumbini, kwenye kiti. Alinitazama nikipita na sufuria. Sikumwambia kitu, naye hakuniambia. Nikakifagia chumba cha nyuma.

Mtaani wakasema njaa imemrudisha. Nikasikia sokoni, nikasikia kisimani, nikasikia kwa walimu wenzangu. Ndipo nikaandika ile sura ya kumi na mbili ya kwanza. Mle ndani hamna Mishi, ulivyosema. Mna jibu langu kwa majirani.

Philister aliirudisha. Jina lake la pili ni Adongo. Halikunitoka hata siku moja. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho aliandika kwa penseli: "Bi Mwanatabu, huyu ni Mishi, au ni wewe unavyotaka wakuone?" Hakuniandikia kingine, wala hakunilazimisha. Nilikuwa na likizo ya Agosti. Nilikaa siku nne nikaandika mambo kama yalivyokuwa, kurasa kumi na nne, nikazitia posta bila kubakiza nakala. Nilitaka kumkomoa. Nilidhani akiona ukweli ulivyo mkavu ataitaka ile yenye makofi. Akaichapa bila kugusa nukta.

Kitabu kilipofika sikuweza kuisoma sura hiyo, na sikuisoma mpaka wiki hii. Nilimchukia mwanamke yule kwa sababu alinifanya niseme. Nikajiambia ameniharibia kitabu, na mtu ukijiambia jambo miaka thelathini na mitano, siku ya kuulizwa hulitamka bila kikwazo. Alipofariki sikupeleka rambirambi. Ulikaribia kumsimamisha mbele ya watu kwa kosa nililomtungia mimi. Sabah ana mtu Kisumu anayeijua familia yake. Nimewaandikia watoto wake barua, si ndefu.

Matano na mimi tuliishi miaka ishirini na minane baada ya siku ile, yeye chumba chake, mimi changu. Alijifunza kuuliza, polepole, mambo madogo madogo. Alipougua nilimwuguza. Hakuwa mtu mbaya wa kupita kiasi. Hilo nalo nilishindwa kuliandika, kwa hivyo neno lako la kwanza, la kushindwa, usilifute lote.

Mwambie Dkt. Oduor kosa ni langu. Kama yafaa nimwandikie, nipe anwani.

Mwanatabu


Kitale,
20 Novemba 2023

Shikamoo Bibi.

Nimetetea tasnifu Ijumaa iliyopita. Nimepita, na masahihisho ya miezi miwili. Kuhitimu ni mwakani.

Barua yako kwa Dkt. Oduor ilifika kabla ya utetezi. Hakuniambia aliyoyasoma. Alinikuta tu chuoni Jumamosi moja, akasema, "Ile sura ya nne mpya, niletee, niisome upya." Aliirudisha ikiwa na alama za kalamu kila ukurasa, na mwishoni aliandika kwamba sasa ana la kubishana nalo. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Mtahini wa nje aliniuliza kwa nini sikuingiza habari za maisha ya mwandishi, ilhali nimewasiliana naye. Nilimjibu kwamba maisha yaliniongoza mahali pa kuangalia, lakini vitenzi vilikuwa vimechapwa tangu 1988, na yeyote angeweza kuviona. Akauliza kama kuna mswada wa mwisho mwingine. Nikasema upo, ni mali ya mwandishi, na siku akitaka utazamwe atasema mwenyewe. Akaandika kitu, akaendelea na swali jingine.

Habari ya Matano sikuitia popote. Ile nimeiona si ya tasnifu.

Nakutumia nakala moja iliyojalidiwa. Philister Adongo yumo katika shukrani, chini ya jina lako.

Kache


Mtongwe,
17 Januari 2024

Mwanangu Kache,

Marahaba, na hongera.

Tasnifu nimeisoma yote, pamoja na yale ya nadharia, ambayo nadhani mtu angeweza kuyasema kwa nusu ya maneno. Ukurasa wa 63 umeandika Mishi alipika mchuzi wa kuku siku ya mwisho Changamwe. Ulikuwa mchuzi wa papa. Sahihisha kabla hujakabidhi.

Sura ya nne nimeirudia. Mle ndani kuna mwanamke anayejua anachokifanya. Nilikuwa sijawahi kukutana naye.

Binti wa Philister amenijibu. Anasema mama yao aliweka kabatini nakala mbili za Mlango wa Uani, na akija mgeni anayesoma alimpa moja, kisha akatafuta nyingine ya kujaza pengo. Niliikunja barua, nikaenda uani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Pamoja na barua hii utaona karatasi kumi na moja. Nimeandika kwa mkono, mashine ilikwisha kufa. Mishi hayumo, au yumo kwa mbali, anapita na sufuria. Nimemkalisha mwanamume kwenye kiti, anasikia mlango wa nyuma ukisukumwa, naye ana jambo la kusema na hajui laanzia wapi. Sijui kama ataweza kulisema. Nimefika ukurasa wa kumi na moja na bado hajafungua mdomo.

Sabah amezisoma akasema ni nzuri mno, kwa hivyo najua zina kasoro.

Zisome kama ulivyomsoma Mishi mara ya kwanza, ulipokuwa hunijui. Ukikuta nimemhurumia mahali asipostahili, piga mstari.

Mwanatabu Matano